Mikoko, Miti ya Mirihi na Mwezi: Namna ya Kusoma Picha za Setilaiti za Hifadhi za Lamu na Malindi

Kaunti ya Lamu na jirani yake Garissa zina hifadhi tatu za taifa zinazopakana au kukaribiana: Boni na Dodori, zilizotangazwa rasmi mwaka 1976, na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyofuata mwaka 1979. Boni peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,339, njia za magari ni chache, na tangu mwaka 2015 operesheni ya usalama imefanya safari za watafiti kuwa za nadra. Ukiongeza mikoko inayozunguka visiwa vya Manda, Pate na Ndau na kupanda hadi Kiunga, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, unapata eneo ambalo hakuna kikosi cha askari wa misitu wala cha wanyamapori kinachoweza kulikagua kwa miguu na mashua kila mwaka. Ndiyo maana takriban kila takwimu tunayosomewa mikutanoni kuhusu misitu yetu kupungua au kurudi imetokana na picha zilizopigwa kutoka angani, kwa taaluma iitwayo utambuzi wa mbali.

Takwimu hizo hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaozichukua kama shahidi asiyeweza kusema uongo, kwa kuwa mashine haina jamaa wala chama. Wapo pia wanaozitupilia mbali wakiona ramani mbili za mkondo mmoja zikipingana. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, nako ni kudhani kwamba setilaiti hupiga picha ya mabadiliko. Setilaiti hupima mwanga unaoakisiwa na kila kipande cha ardhi kwa siku na saa fulani, basi. Mabadiliko ni hitimisho la binadamu baada ya kulinganisha vipimo vya siku mbili au zaidi, na hitimisho hilo lina thamani kulingana na yale anayoyajua kuhusu maji, majira na miti ya mahali penyewe.

Tuanze na mwanga. Jani bichi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na wakati huohuo huurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Mchanga na udongo mkavu hauna tabia hiyo. Huakisi mwekundu na infraredi kwa viwango vinavyokaribiana. Maji nayo humeza karibu infraredi yote. Kwa hiyo wataalamu hutumia kipimo kimoja cha ukijani, NDVI, kinachopatikana kwa kutoa kiasi cha mwekundu katika kiasi cha infraredi, kisha kugawanya tofauti hiyo kwa jumla ya viwili hivyo. Tuseme kichaka cha mikandaa kimeakisi asilimia 5 ya mwekundu na asilimia 45 ya infraredi: tofauti ni 40, jumla ni 50, na jibu ni 0.8. Uwanda wa mchanga ulioakisi asilimia 30 ya mwekundu na 35 ya infraredi hutoa 5 kwa 65, yaani chini kidogo ya 0.08. Maji ya kina mara nyingi hutoa jibu lililo chini ya sifuri. Nambari hizo ndizo hupakwa rangi zikawa ramani, na ile rangi ya kijani tunayoiona kwenye ramani huchaguliwa na mchoraji.

Kila nambari huwakilisha pikseli, yaani mraba wa ardhi ambao chombo hakiwezi kuona tofauti ndani yake. Kwa setilaiti za mfululizo wa Landsat za Marekani, tangu miaka ya 1980, mraba huo una upande wa mita 30, sawa na mita za mraba 900. Kwa Sentinel-2 za Ulaya, katika mikanda yake mikuu ya mwanga, upande ni mita 10. Ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 20 kando ya mlango wa bahari hauna hata pikseli moja ya Landsat iliyo yake peke yake. Kila mraba huchanganya miti na tope, au miti na maji, na jibu linalotoka ni wastani wa vitu viwili visivyofanana. Kwa umbo la pwani yetu, lenye vijito vinavyojikunja kila hatua, pikseli za mchanganyiko kama hizo ni nyingi kuliko katika msitu wa bara ulio kipande kimoja.

Nguvu ya Landsat haimo katika ukali wa macho yake. Imo katika umri wake. Ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na tangu hapo mfululizo haujakatika. Landsat 9 ilipaa Septemba 2021. Hata hivyo kumbukumbu za ukanda wetu zina mapengo makubwa, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu picha za wakati huo zilitegemea kuwapo kwa kituo cha kuzipokea na mteja wa kuzilipia. Mambo mawili yalibadili hali. Mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala zima la Landsat bila malipo, na kuanzia mwaka 2015 Sentinel-2 zikaanza kuleta picha ambazo, baada ya ya pili kurushwa mwaka 2017, hurudi mahali pamoja kila baada ya siku tano. Katikati palitokea hitilafu ambayo bado huwasumbua wachambuzi: Mei 2003 kifaa kimoja ndani ya Landsat 7 kiliharibika, na tangu hapo kila picha yake ilikosa takriban asilimia 22 ya eneo, kwa mistari mieusi inayopanuka kuelekea kandoni. Ramani ya mikoko iliyotumia picha za miaka hiyo ni lazima ieleze mistari hiyo ilijazwa kwa kitu gani.

Watu wa Malindi wana sababu ya pekee ya kutoyaona mambo haya kuwa ya kigeni. Jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini mbele ya Ngomeni, lilirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwamo ile iliyopewa jina Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 na kuwa ya kwanza duniani kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Hizo zilitazama juu zaidi kuliko chini, kwa hiyo hazikutuachia picha ya hata mkoko mmoja. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuangalia ardhi, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023, nayo iliondokea California.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeharibu ramani nyingi za mikoko kuliko mawingu na mistari ya Landsat 7: kupwa na kujaa kwa maji.

Setilaiti hizi zimewekwa katika njia inayozifanya zipite juu ya mahali pamoja kwa saa ileile ya jua. Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya Lamu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku zote, mwaka mzima. Maji nayo yana ratiba yake, na kila nahodha anayeingiza chombo Siyu au Pate anaijua, kwa kuwa asipoijua atalala matopeni. Siku za bamvu, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hufikia mwisho wa kupwa katikati ya asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ratiba hugeuka: katikati ya asubuhi maji huwa yamejaa, ingawa hayapandi sana. Weka ratiba hizi mbili pamoja utaona matokeo yake. Picha iliyopigwa siku ya bamvu daima huonyesha ufuo ulio wazi, tope limejitandaza na miche yote i nje. Picha iliyopigwa siku ya maji mafu huonyesha mikondo iliyojaa na mililana, mikoko ya mbele kabisa kuelekea bahari, ikiwa imesimama ndani ya maji. Kujaa kwa bamvu, wakati maji yanapoingia hadi kwenye michu, mikoko ya nyuma karibu na nchi kavu, setilaiti hizi haziwezi kukuona kabisa, kwa sababu hazipiti saa hiyo.

Chukua picha mbili za mkondo ulio kaskazini ya Manda, moja ya bamvu ya mwaka wa kwanza na moja ya maji mafu ya mwaka wa kumi. Kwenye ukingo, pikseli iliyokuwa nusu mlilana na nusu tope sasa ni nusu mlilana na nusu maji. Infraredi inamezwa, kipimo cha ukijani kinashuka, na programu ya kompyuta inahamisha pikseli hiyo kutoka kundi la msitu hadi kundi la bahari. Hakuna shoka lililoingia. Mchambuzi asiyejua habari za mwezi atahesabu hekta hizo kama hasara, na kwa kuwa kosa hufuata ukingo wote wa kila mkondo, hasara hiyo ya uongo itakuwa na umbo la kuaminika kabisa: msitu unaomegwa kutoka baharini, kama tunavyotarajia kusikia kwa habari za kupanda kwa kina cha bahari.

Kuna undani zaidi kwa wanaofuatilia mfululizo wa picha. Landsat moja hurudi kila baada ya siku 16, ilhali mzunguko kutoka bamvu hadi bamvu ni siku 14 na robo tatu hivi. Kila inaporudi hukuta maji yamesogea mbele kwa siku moja na robo hivi katika mzunguko wake. Kwa hesabu hiyo, picha huanza na maji yaliyokupwa, na baada ya miezi mitatu na ushei hufika kwenye maji yaliyojaa, kisha hurudi zilikotoka kwa muda kama huohuo. Mchoro wa ukijani wa ukingo wa mikoko utapanda na kushuka kwa mawimbi ya takriban siku 190, na mtu mwenye haraka ataueleza kwa masika na vuli. Dawa yake haina gharama: kila picha ipewe urefu wa maji wa saa ile, kutoka katika majedwali ya maji ya bandari, na picha zilinganishwe bamvu kwa bamvu.

Rada husaidia kwa upande mmoja na kuongeza kazi kwa mwingine. Setilaiti ya rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi, hivyo huona usiku na hupenya mawingu ya masika, ambayo kwa pwani yetu yanaweza kufuta miezi mizima ya picha za mwanga. Mawimbi marefu, kama yale ya setilaiti za Japani za ALOS, hupenya majani na kugonga mashina, ndiyo sababu ramani za dunia nzima za mikoko zimezitegemea sana. Lakini maji yakiwa chini ya miti, mawimbi hupiga uso wa maji, yakarukia shinani na kurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo msitu uleule hung'aa zaidi maji yakijaa. Sentinel-1, yenye mawimbi mafupi zaidi, hupita karibu na saa kumi na mbili, alfajiri au jioni, na hukuta maji katika hali tofauti na ile inayokutwa na picha za mchana. Anayechanganya rada na picha za kawaida bila kuangalia maji huwa amejumlisha makosa mawili.

Nchi kavu haina maji ya kupwa, ila ina majira, na Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi ya Malindi, ni shule nzuri ya jambo hilo. Msitu huu wa takriban kilomita za mraba 420, makao ya bundi mdogo wa Sokoke na ya sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, una sehemu tatu zisizofanana. Kwenye mchanga mweupe imeota miti ya mirihi (Brachystegia), iliyoachana kiasi cha mwanga kufika chini. Kwenye udongo mwekundu kuna kichaka kizito, kibichi muda mwingi wa mwaka, ambacho wataalamu wa mimea hukitambua kwa mti wa Cynometra. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Mrihi hupukutisha majani yake mengi ukame unapokaza, kisha huchipua majani machanga yenye wekundu wa shaba kabla ya kuwa ya kijani. Picha ya wiki hizo itatoa ukijani mdogo katika ukanda wote wa mirihi, kwa mpaka uliokatwa kana kwamba kwa rula, na ukilinganisha na picha iliyopigwa baada ya mvua utadhani maelfu ya hekta yameungua. Kichaka cha udongo mwekundu kando yake hakitaonyesha badiliko kubwa. Kwa hiyo haifai kutumia kipimo kimoja cha upungufu kwa msitu mzima. Kila sehemu ihukumiwe kwa desturi yake ya miaka mingi.

Arabuko-Sokoke hufundisha pia kosa la upande wa pili, lile la kutoona kilichotokea. Mpaka wa nje wa msitu, ukiutazama kutoka angani, umeshikilia vizuri kwa miongo mingi, mashamba ya mahindi na mihogo yakiishia kwenye mstari. Ndani yake, kwa muda mrefu, watu wamekuwa wakichagua mti mmoja mmoja: mbambakofi kwa milango na samani, muhuhu kwa vinyago vya kuuzia watalii. Mti mmoja ukiondolewa, matawi ya jirani hufunga pengo, na pikseli ya mita 30 hubaki ya kijani. Mikoko ya Lamu ina habari hiyohiyo. Wakataji hawafyeki, hutafuta unene unaotakiwa sokoni, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo. Mahali palipomalizwa boriti zake panaweza kubaki na majani ya kutosha kumridhisha mchambuzi wa picha, huku mkataji anayeingia humo akitoka mikono mitupu. Mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa Serikali tangu tangazo la mwaka 1932, na usafirishaji wa nguzo zake nje ya nchi ulikatazwa mwaka 1982, lakini ukubwa wa eneo lililofunikwa na majani hautuelezi kama marufuku hizo zimerudisha unene wa miti. Swali la unene hujibiwa kwa kamba ya kupimia shina, na kwa kiasi fulani kwa vyombo vya leza kama GEDI, kilichopelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga mwishoni mwa 2018 kupima urefu wa misitu.

Baharini uwezo hupungua tena. Setilaiti huona vizuri tope linaloelea: mto Sabaki unapofurika, wekundu wake hutandaa kaskazini au kusini ya Malindi kwa kufuata upepo wa msimu, na picha za mfululizo huonyesha ni siku ngapi maji machafu yalisogelea Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Huona pia joto la uso wa bahari. Kwa kujumlisha kiwango cha joto kilichozidi kawaida na idadi ya wiki kilichodumu, huduma ya Marekani ya kuangalia matumbawe hutoa tahadhari. Jumla ikifika 4 matumbawe hutarajiwa kuanza kupauka, na ikifika 8 vifo hutarajiwa. Kupauka kwa mwaka 1998, kulikoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Afrika Mashariki, kuliambatana na joto la aina hiyo. Ila kuhesabu matumbawe yaliyo hai chini ya mita kadhaa za maji yenye vumbi la mto bado ni kazi ya mzamiaji.

Bandari mpya ya Lamu huonyesha mahali ambapo picha hukoma na hoja za watu huanza. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na yeyote anaweza kufungua kumbukumbu za Landsat na Sentinel akaona, mwaka kwa mwaka, ardhi ikijazwa upande wa Kililana na Magogoni, mikoko ikiondolewa na rangi ya maji ikibadilika wakati wa uchimbaji wa njia ya meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na mradi huo. Picha zinaweza kuthibitisha kwamba tope lilifika mahali fulani tarehe fulani. Kwamba samaki walihama, kwamba mshipi na madema yaliacha kupata kitu, hilo hutoka kwa mvuvi na katika daftari za mabandari.

Limebaki suala la kosa, ambalo ripoti nyingi hulipitia mbio. Ramani iliyo sahihi kwa asilimia 90 husifiwa, na kwa haki. Lakini ukitaka mabadiliko huhitaji ramani mbili, na kama makosa yake hayategemeani, uwezekano wa pikseli kuwa sahihi katika zote mbili ni 0.9 mara 0.9, yaani asilimia 81. Karibu pikseli moja kati ya tano ina shaka. Ikiwa upungufu unaotangazwa ni asilimia 3, basi unaogelea ndani ya shaka iliyo kubwa kuliko wenyewe mara kadhaa. Ndiyo sababu wachambuzi makini hawahesabu tu rangi za ramani. Huchagua kwa bahati nasibu mamia ya vituo, huvikagua kimoja kimoja kwa picha zenye ukali zaidi, kwa droni au kwa kwenda, kisha hutoa makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu. Ripoti inayotoa nambari moja tupu, bila viwango hivyo, bila tarehe za picha na, kwa mikoko, bila hali ya maji, hupaswi kuikubali hata kama imechapishwa kwa rangi nzuri.

Ugumu wa mwisho umo Boni kwenyewe, ambako kwenda kukagua ni shida. Watu wa jamii ya Waaweer wa vijiji vya Basuba, Milimani, Mangai, Kiangwe na Mararani, katika ukanda wa barabara ya Kiunga, wamezoea kulima kipande cha msitu kwa misimu michache na kukiacha kipumzike. Katika picha mbili za miaka iliyoachana, shamba la aina hiyo na eneo lililofyekwa kwa tingatinga hufanana: kijani hapa, tupu pale. Katika mfululizo wa miaka yote hazifanani hata kidogo. Mstari wa shamba lililopumzishwa hushuka ghafla, huyumba misimu miwili au mitatu, kisha hupanda taratibu hadi karibu na ulipoanzia. Wa eneo lililofyekwa kwa barabara au ranchi hushuka na kubaki chini. Kompyuta za leo huweza kuchora mistari hiyo kwa kila pikseli ya hifadhi nzima kwa saa chache, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 pale ambapo picha zipo. Mzee wa Basuba akioneshwa mstari unaoshuka na kupanda anaweza kutaja shamba lilikuwa la nani, na ni mwaka gani waliliacha.